Nifundishe Kuinuka

Alfajiri, jua likiwa bado halijatoka, vijana wa mtaa wetu hapa Kikuyu, Dodoma, hupita nje ya dirisha langu wakikimbia. Hawapigi kelele. Nasikia viatu na pumzi zao, kisha kimya, kisha mbwa wa jirani anabweka akiwa ameshachelewa. Mara nyingi saa hiyo sijalala wala sijaamka, na katika hali hiyo siko Kikuyu tena. Niko Kibakwe, mtoto mdogo, nateremka mlima nyuma ya mama yangu. Ukungu umeziba bonde lote, na kitu pekee ninachokiona ni visigino vyake vikienda, vikienda, bila haraka.

Ninyi mnaopita hapo ndio ninaowaandikia. Baadhi yenu husimama jioni barazani kwangu, mnanipa shikamoo, halafu mnauliza kama ni kweli nilikuwa daktari wa mazoezi. Jina la kazi yenyewe ni fiziotherapia, lakini sikumbuki mgonjwa aliyewahi kulitamka. Kwao nilikuwa daktari wa mazoezi, na wengine, wakidhani sisikii, waliniita yule mama wa kutesa miguu. Sasa nimestaafu. Mkiniuliza nawajibu, ila barazani maneno hukatika: mara jirani anapita, mara chai inachemka na kumwagika. Hapa acha niseme bila kukatizwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Yoeli, Mgogo wa huku huku, mfupi, mkimya, na mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Chumba chetu pale hospitalini kilitazamana na benchi la wagonjwa. Akiita jina, mimi nilikuwa naangalia kadi. Yeye anamwangalia mtu.

"Binti," aliniambia nikiwa bado mgeni kazini, "wanaumwa wapi watakueleza wenyewe. Wewe tazama wanavyotoka kwenye benchi. Anayejisukuma kwa mikono, mapaja yake yamelala. Anayejirusha, huyo anaogopa."

Basi na wewe unayesoma, kama umekaa kitini, jaribu. Sogea mpaka ukingoni. Rudisha nyayo nyuma kidogo, ziwe chini ya magoti. Inama mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, halafu inuka bila kushika kitu. Ukiweza, kaa tena, polepole, usijiangushe kama gunia. Kwenye kukaa polepole ndipo misuli inapofanya kazi. Ukishindwa nawe bado ni kijana, usinune. Anza leo, na kesho urudie.

Zamani wagonjwa wetu walikuwa watu waliochoshwa na kutumika. Mwanamke aliyebeba ndoo tangu utotoni, mchungaji aliyeangushwa na ng'ombe, fundi aliyeteleza kwenye paa. Miaka ikaenda, mji ukapanuka, maofisi yakahamia, lami ikafika hata kule tulikokuwa tunachimba viazi. Nikaanza kupokea watu waliochoshwa na kukaa. Bwana mmoja wa ofisini alikuja na mgongo, akataka sindano. Nikamwambia atembee kwa miguu kila jioni, mwendo wa kumwezesha kuongea ila asiweze kuimba. Akanunua viatu vya bei mbaya, suti ya michezo, na mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba. Baada ya muda nikakutana na mkewe sokoni.

"Mashine inamsaidia?" nikamuuliza.

"Inatusaidia sana, daktari," akasema. "Mashati yakishafuliwa tunayaanika pale, hayakunjamani."

Tulicheka mpaka muuza nyanya naye akacheka bila kujua kisa. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza. Viatu mtu anaweza kununua. Sababu ya kuvivaa kila siku lazima aipate mwenyewe, na hiyo haipo dukani. Nilichelewa kulielewa hilo vizuri, na aliyenielewesha ni mama mmoja wa mtaa wa Nkuhungu, ambaye ndiye hasa nataka kuwaeleza habari zake.

Watu walimwita Mama Zaituni, kwa jina la binti yake. Alikuwa Mrangi, mzaliwa wa milimani kule Kondoa, mjane, na alikuwa akiuza mafuta ya alizeti sokoni. Kijijini alikua akipanda na kushuka vilima kila siku ya Mungu. Mjini akawa mtu wa kukaa nyuma ya madumu yake tangu asubuhi mpaka jioni, bodaboda inamleta, bodaboda inamrudisha. Akanenepa, presha ikapanda, na dawa akawa anameza siku kichwa kinapomgonga tu. Asubuhi moja dumu likamponyoka mkononi. Jirani yake wa meza akamwona mdomo umekwenda upande, akamsemesha, akajibiwa maneno mazito kama ya mtu aliyejaza uji kinywani. Yule jirani hakupoteza muda kumsugua wala kumpaka kitu. Alimpakia kwenye gari, akamkimbiza hospitali. Shikeni hilo, wanangu. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, ni hospitali papo hapo.

Kiharusi kilimwacha na uhai wake. Upande wa kulia, mkono na mguu, vikabaki vimelala. Wodini nilianza naye: kugeuka kitandani, kukaa, kusimama akishika chuma. Alikuwa mtiifu, mpole, na alinisikiliza kama mwanafunzi. Akaruhusiwa kwenda nyumbani, nikampa siku za kurudi kliniki. Akaja mara chache, kisha akakoma.

Kutoka kwangu hadi Nkuhungu si mbali. Nikaamua kwenda mwenyewe baada ya kazi.

Naikumbuka ile nyumba kama kitu nilichokiota. Jua la jioni lilikuwa limeingia kupitia pazia la rangi ya chungwa, na chumba kizima kilikuwa kama kimejaa asali. Katikati ya ile rangi alikuwa ameketi Mama Zaituni juu ya godoro, mito kulia, mito kushoto. Jagi la maji karibu, beseni karibu, simu karibu, redio inasema kwa sauti ya chini. Alikuwa msafi, kapakwa mafuta, kanga zimepigwa pasi. Zaituni, binti yake, alikuwa fundi cherehani na alikuwa na wateja wengi, lakini tangu mama augue alikuwa amekifunika kile cherehani kwa kitambaa na kukisogeza kwenye kona.

"Shikamoo daktari," akaniambia. "Samahani kliniki hatuji. Kumpandisha na kumteremsha kwenye gari naona namtesa. Hapa nimemwekea kila kitu, hanyanyuki kwa lolote."

"Nani anamlisha?"

"Mimi."

"Mkono wa kushoto si mzima?"

"Mzima. Lakini anamwaga."

Nikamtazama mama. Alinipa tabasamu la nusu mdomo, akaangalia pazia. Nilimshika paja la kulia, nikakuta limepungua. La kushoto, lile zima, nalo limepungua. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande mmoja, na sasa upande wa pili ulikuwa ukichukuliwa na mapenzi ya mtoto.

Nilisema nilichoona, na sikukisema kwa ustadi. Zaituni macho yakajaa machozi ya hasira.

"Wewe mama yangu umemsoma kwenye vitabu," akasema. "Mimi nilibebwa mgongoni mwake kutoka Kondoa. Unataka nimwache ahangaike nikimwangalia?"

Nilimwachia mazoezi machache, nyanyua mguu hivi, kunja mkono hivi, nikaondoka. Niliporudi juma lililofuata hakuna lililofanyika. Nikamuuliza mama mwenyewe kwa nini. Akafikiri sana kabla ya kujibu, maana maneno yalikuwa bado yanamjia kwa shida.

"Nanyanyua mguu," akasema. "Halafu naushusha. Nimekwenda wapi?"

Nikacheka, kisha nikaketi karibu naye. Katika kazi yangu yote hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo.

"Unataka kwenda wapi, Mama Zaituni?"

Akainua mkono wake mzima, akaonyesha pembeni ya godoro. Palikuwa na mswala umekunjwa, na kiti cha plastiki. Toka atoke hospitali alikuwa akiswali juu ya kile kiti. Shehe wa mtaani alikuwa amekuja kumjulia hali, akamwambia dini haimkalifishi mtu asichokiweza, kiti kinatosha. Alilijua hilo na alilikubali. Lakini akaniambia, polepole, neno moja moja, kwamba tangu akiwa msichana wa kule milimani hapakuwa na siku paji la uso wake halikugusa chini.

"Nataka pale," akasema. "Pale chini."

Zaituni akatikisa kichwa. Nikamwambia tutakwenda hatua kwa hatua, kwanza miguu ipate nguvu. Tukaanza na kuinuka kitini, pua ivuke vidole. Mara hii mama hakuhitaji kusukumwa.

Kisha siku moja nikapigiwa simu. Ilikuwa sauti ya Zaituni, akinitaka nije upesi. Nilifika nikamkuta ameketi mlangoni kama mlinzi.

Ilikuwa hivi: alitoka kidogo kwenda kununua mboga. Aliporudi alimkuta mama amelala kifudifudi juu ya mswala, uso chini, hajitikisi. Akapiga kelele, majirani wakajaa. Mama alikuwa mzima, hakuvunjika wala hakuchubuka. Alikuwa ameteremka mwenyewe kutoka kitini, akashindwa kurudi, akabaki pale.

"Imetosha," Zaituni akaniambia. "Nilidhani amekufa. Unajua maana yake? Niliingia nikadhani nina maiti. Mazoezi yako basi. Chukua njia yako, dada, usije tena."

Nilikuwa tayari nimegeuka. Kwa kweli nilikuwa tayari. Nilikuwa nimechoka, na nilijiuliza kama pengine yeye ndiye mwenye haki. Kutoka ndani tukasikia sauti ya mama, inaita jina la binti yake. Tukaingia wote wawili.

"Sikuanguka," mama akasema. "Nilikwenda. Nilipoweka uso chini nililia kwa furaha. Nikakaa pale. Nikasikia harufu ya mkeka, nikajiona niko kwa mama yangu, niko mdogo, kuna upepo." Akapumzika, akakusanya maneno mengine. "Kwenda niliweza. Kilichonishinda ni kurudi. Daktari, nifundishe kuinuka."

Upepo wa Dodoma, mnaujua, ule unaoanza alasiri na kubeba vumbi, ulikuwa unalivuta pazia ndani na kulirudisha nje, ndani na nje, kama nyumba inapumua. Zaituni akakaa chini, akalia kwa sauti. Mama akamwekea mkono wa kushoto kichwani.

Nilivua viatu, nikalala juu ya mkeka.

"Unafanya nini?" Zaituni akauliza.

"Nimeanguka," nikamwambia. "Tazameni ninavyoinuka. Na wewe lala hapo pembeni, ufuatishe."

Tulikuwa wanawake watatu sakafuni, mmoja wao na sare ya hospitali. Mama Zaituni akaanza kucheka, kile kicheko chake cha nusu mdomo, na binti naye, machozi bado hayajakauka, akaambukizwa.

Mbinu yenyewe ni hii, na kila mmoja wenu aijue, kwa sababu kila mmoja wenu ana mama au bibi. Mtu akianguka asiharakishe. Apumue, ajisikilize kama kuna panapouma sana. Kama papo, asijaribu, aite msaada. Kama yuko salama, ageukie upande wake wenye nguvu. Ajisukume kwa kiwiko, kisha kwa kiganja, mpaka awe amepiga magoti na mikono iko chini. Atambae hadi kwenye kitu imara, kigoda au kitanda. Aweke mkono juu yake. Mguu wenye nguvu utangulie mbele, unyayo uwe chini wote. Halafu aegemee mbele na kujisukuma juu. Anayemsaidia asimvute mkono hata kidogo; amwekee tu kigoda na kumpa moyo. Ukimvuta, unaweza kuling'oa bega.

Hili la kutomvuta ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na ugumu haukuwa wa mama. Kila alipotetemeka, mikono ya Zaituni iliruka yenyewe. Mwishowe nikamwambia aikalie. Na kweli aliikalia. Naye akajifunza kama mama yake, jioni baada ya jioni, akiuma midomo, viganja viko chini ya mapaja, huku mama anapambana na kigoda hatua moja mbele yake. Nimewaona watu wakifanya mazoezi magumu sana, lakini sijui kama nimewahi kuona gumu kuliko lile.

Kazi za nyumbani tukazigeuza dawa. Mama akapewa ungo apembue mchele, mkono wa kulia ukisaidia hata kama ni kwa kushikilia tu. Akapewa karanga amenye. Jagi la maji likahamishwa mpaka kwenye meza ya ng'ambo, anayetaka maji ayafuate. Asubuhi alisimama ameshika dirisha, akainua visigino na kuvishusha, akiangalia wapita njia. Kisha akatembea hadi mlangoni, hadi kwenye bomba, hadi kwa mwenye genge aliyekuwa mwisho wa uchochoro. Dawa za presha akazimeza kila siku bila kuruka. Alimwaga chakula, ndiyo. Zaituni akapiga deki.

Siku moja nilifika mapema kidogo, wakati wa alasiri. Zaituni alinionyesha ishara ya kidole mdomoni, akanikalisha uani, kwenye kivuli cha nguo zilizoanikwa. Mimi ni Mkristo, lakini kwa kuzunguka kwenye nyumba za wagonjwa nilikuwa nimezizoea sauti za ile swala. Pazia lilikuwa limeshushwa. Hatukuona kitu. Tulisikia tu.

Tukasikia sauti yake ndogo ikimtaja Mungu, kisha nguo zikiserereka, kisha goti likigusa mkeka, kisha kimya.

Kile kimya kilikuwa kirefu. Shuka zilizoanikwa zilikuwa zinapepea mbele yetu, nyeupe, zinajaa upepo na kupungua. Nilijikuta nafikiria mambo ya mbali, mto wa kule Kibakwe, mikono mikubwa ya Mzee Yoeli ambaye wakati huo alishatangulia mbele ya haki. Zaituni alikuwa ameikalia mikono yake. Niliiona misuli ya shingo yake imesimama.

Kisha tukasikia kigoda kikilia juu ya sakafu. Tukasikia pumzi ndefu. Na ile sauti ndogo ikamtaja Mungu tena, safari hii ikitokea juu.

Hatukupiga makofi wala vigelegele. Zaituni alitoa mikono yake, akaitazama kama ya mtu mwingine, akaingia ndani kwa mlango wa nyuma. Baada ya muda kidogo nikasikia kitambaa kikikung'utwa vumbi, halafu kile cherehani kikaanza kugonga.

Nikaacha kwenda, kwa sababu hapakuwa na la kufanya tena. Baadaye nilisikia kwamba mama ameiacha Nkuhungu, amerudi kwao milimani kukaa karibu na dada yake mkubwa. Niliogopa. Mtu wa kiharusi, na vilima vile. Nilipostaafu na kuwa na siku zangu mwenyewe, nikapanda basi la Kondoa kwenda kumwona. Nilibeba sukari, majani ya chai, na fimbo nzuri ya kutembelea niliyomnunulia.

Nilifika mchana. Nyumba ilikuwa wazi, jikoni kuna majivu ya moto, lakini hapakuwa na mtu. Jirani mmoja akaniambia niketi, wanawake wamekwenda shambani, Mama Zaituni naye yumo, alizeti imekomaa. Akanipa maji. Nikakaa mlangoni, fimbo iko magotini. Joto, ukimya, na uchovu wa safari vikanilevya. Kule juu ya kilima mashamba ya alizeti yalikuwa ya hudhurungi, na mawingu yalikuwa yanapita na kuacha vivuli juu yake, hata nikawa sijui kinachosogea ni kilima au ni kivuli.

Kisha kwa mbali nikaona watu wakiteremka. Wanawake kadhaa, wameachana kidogo, mizigo kichwani, kwenye kinjia chembamba kinachopinda na kupotea na kutokea tena. Nikasimama. Nikakaza macho, nimtafute. Nikautafuta mguu wa kulia unaoburuzika, mkono uliokunjwa, bega lililolala. Nilijua pa kuangalia. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Nilimtazama wa kwanza, nikamtazama anayemfuata, nikamtazama wa nyuma kabisa. Wote walikuwa wakishuka sawasawa, bila haraka, visigino vikienda, na vumbi jepesi likibaki nyuma yao hewani. Sikuweza kumjua ni yupi.